Kwaheri ya Kuonana, au Kwaheri Tu?

Je, mtu anayesema "nitarudi" huku hana hakika ya kurudi, amesema uongo? Swali lenyewe linaonekana dogo. Ukimuuliza mtu barazani atakujibu, "Aa, hayo maneno ya kuagana tu, usiyatie maanani." Lakini mimi nimekulia katika nyumba ambayo neno hilo limesemwa mara nyingi mno, na nimeona linavyofanya kazi baada ya msemaji kwenda zake. Kwa hiyo, ndugu msomaji, naomba uniruhusu nilitie maanani, angalau kwa kurasa hizi chache.

Nazungumzia wageni wa muhula mmoja. Hawa si watalii. Ni vijana wanaotumwa na vyuo vyao kwenda kusoma nchi ya watu kwa miezi minne au mitano, kisha warudi kwao kumalizia digrii. Ulaya wana mpango wao wa Erasmus, ulioanza mwaka 1987 na wanafunzi 3,244 kutoka nchi 11. Kule Kenya, chuo kikuu kimoja cha Marekani, St. Lawrence, kilianza kuleta wanafunzi wake kwa muhula mmoja mmoja tangu 1974. Na hapa kwetu Unguja wanakuja kujifunza Kiswahili, au kusoma habari za matumbawe na mikoko, na wengine hupangiwa kukaa majumbani na wenyeji ili lugha iwaingie. Nyumba yetu, mtaa wa Kikwajuni, ni mojawapo ya nyumba hizo.

Miezi minne ni muda wa ajabu. Wahenga walituambia mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakutuambia la kufanya na mgeni wa siku mia na ishirini. Wiki ya kwanza anaogopa paka na anaomba kijiko. Mwezi wa pili anakuna nazi, na jioni anagombania rimoti na wadogo zangu. Mwezi wa tatu anamwita mama yangu "Mama" bila kusitasita, na mama anamgombeza kwa kuchelewa kurudi kama anavyotugombeza sisi. Halafu mwezi wa nne, ndiyo kwanza amekuwa mtu wa nyumbani, muhula unakwisha. Ufunguo wa chumba anaurejesha. Lakini lile jina la "Mama" atalirejesha wapi?

Hapo ndipo "nitarudi" inapotoka. Hutoka yenyewe, kama pumzi.

Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na mmoja wao aliyempenda kuliko wote. Sitataja jina wala nchi, maana si kesi. Siku ya kuondoka alimshika bibi mikono yote miwili akamwambia, "Nitarudi mwakani, Bibi, nije nifuturu na wewe." Bibi hakuwa mtu wa falsafa. Yeye alihesabu miezi. Shaabani ilipoingia aliuliza, "Yule mtoto kaandika? Anakuja lini?" Mwaka wa kwanza tulicheka. Mwaka wa pili tulibadilisha mazungumzo. Mwaka wa tatu dada yangu alimwambia, "Anakusalimu sana, Bibi," wakati hapakuwa na salamu yoyote iliyofika. Mwaka wa nne bibi aliaga dunia. Mkeka mpya alioununua kwa ajili ya chumba kile ulikuwa bado umekunjwa juu ya kabati.

Sasa nitafutie mwongo katika habari hii. Mgeni? Yule alilia machozi ya kweli, na naapa siku ile alitaka kurudi. Uongo, kama ulikuwepo, tuliusema sisi tuliobaki, tena tuliusema ili kulilinda neno la mtu mwingine. Jambo hili ndilo lililonifikirisha sana. Ahadi nyepesi humwacha aliyeitoa na moyo safi, halafu ikawafanya wengine kuwa waongo kwa niaba yake.

Wenye falsafa wameligusa suala hili, ila kwa mbali. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785, alitoa mfano wa mtu anayekopa fedha na kuahidi kulipa huku akijua fika hataweza. Alisema, kila mtu akifanya hivyo, hakuna atakayeamini ahadi tena, na neno "ahadi" litakuwa kichekesho. Hoja nzuri. Lakini mzee yule hakupata kusafiri mbali na mji wake wa Königsberg, na huenda ndiyo maana mfano wake ni wa fedha na si wa safari. Mkopaji wake anajua hatalipa. Mgeni wetu hajui kitu. Anataka, na kutaka kwake anakuona kama kujua.

Mwingereza J. L. Austin alitufikisha karibu zaidi. Katika mihadhara aliyoitoa Harvard mwaka 1955, iliyochapwa kuwa kitabu mwaka 1962, alionyesha kwamba yako maneno ambayo hayatoi habari, bali yanatenda. Mtu akisema "naahidi," hatuelezi habari za ahadi; ameshaahidi, basi, kazi imekwisha. Kwa maneno kama hayo, kuuliza "ni kweli au uongo?" ni kupotea njia. Inafaa kuuliza, "Kumefanyika nini hapa?" Nami nauliza hivyo hivyo: siku ile mlangoni kwetu kulifanyika nini? Jibu langu ni hili. Paliwekwa deni, na aliyelitunza daftari ni bibi.

Usidhani kwamba pwani hii haikuwajua wageni wa muhula kabla ya vyuo vikuu kuwepo. Iliwajua karne na karne. Majahazi ya Omani, Hadhramaut na Ghuba yalishuka na kaskazi, kuanzia Disemba hivi, na watu wake wakakaa Unguja, Mombasa au Lamu wakiuza tende na chumvi na mazulia, wakingoja kusi iwarejeshe kwao na boriti za mikoko. Hesabu miezi yao mwenyewe; haipungui sana na muhula. Nao pia walizoeana na watu, walikula majumbani, wengine walioa. Nao pia walisema "nitarudi."

Lakini neno lao lilikuwa na vitu viwili nyuma yake. Kwanza, upepo. Kaskazi ingekuja tena mwakani, mtu apende asipende, na jahazi lingekuja nayo. Pili, mali kauli: bidhaa zilizotolewa kwa neno tu, zilipwe msimu ujao. Mtu aliyeondoka na mali yako, au aliyekuachia ya kwake, alikuwa na sababu ya kuonana na wewe tena hata kama sura yako humpendezi. "Nitarudi" ya nahodha ilikuwa mkataba. "Nitarudi" ya mwanafunzi wa leo haina upepo nyuma yake. Ina mapenzi tu, na mapenzi peke yake, wallahi, hayasukumi chombo.

Tena kuna jambo ambalo tunaona haya kulisema mbele ya wageni, nami nitalisema hapa. Njia yenyewe haiko sawa kwa wote. Mgeni wa kutoka Ujerumani akitaka kurudi Tanzania, hujaza fomu ya viza kwenye intaneti, hulipa ada yake ya dola 50. Mama yangu akitaka kwenda kumtembelea "mwanawe" huko Ujerumani, kwanza apande boti kwenda Dar es Salaam, maana ofisi za viza ziko huko. Alipe euro 90, ambayo ndiyo ada ya viza ya Schengen tangu Juni 2024. Aonyeshe barua ya mwaliko, taarifa za benki, na bima isiyopungua euro 30,000. Na akinyimwa, zile euro 90 hazirudi. Basi wawili hawa wakisimama mlangoni na kuambiana "tutaonana," usidhani wamesema neno moja. Kwa mama ile ni dua. Kwa mgeni ni ahadi, kwa sababu yeye ndiye mwenye njia. Mwenye njia ndiye anayetakiwa kuupima ulimi wake.

Miaka kadhaa baadaye ikawa zamu yangu. Nilipata ufadhili wa muhula mmoja Bayreuth, mji mdogo wa Bavaria ambao chuo kikuu chake, kilichoanza mwaka 1975, kinafundisha hata Kiswahili. Nilifika Oktoba majani yakianguka, nikaondoka Februari theluji ikiwa bado kando ya njia. Na nikaona namna nyingine kabisa ya kuagana.

Kule, kwanza unaiaga serikali. Unakwenda ofisi ya mji na kufutwa katika daftari la wakaazi, kwa sababu sheria inasema anayehama nchi lazima aseme anahama. Kisha unaiaga benki, unafunga akaunti. Unaiaga maktaba, wanahakikisha hukubakia na kitabu. Msimamizi wa bweni anakuja na karatasi yake, anatazama jiko, anatazama godoro, anahesabu funguo, halafu ndipo unarudishiwa dhamana yako. Kila mlango nilioupita niliufunga kwa sahihi. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza, "Utarudi lini?" Ukitoka Kikwajuni, mambo haya yanakutia baridi kuliko ile theluji. Nikajisemea, ama hawa watu hawajui kuagana.

Usiku wa mwisho, mwanafunzi tuliyetumia jiko moja alinigongea mlango. Alikuwa mwaka wa pili katika Kiswahili, na alipenda sana kuuliza mambo ya sarufi, usiku na mchana. Akaniuliza, "Nikuage vipi? Nikisema kwaheri ya kuonana, nitakuwa nasema kweli?"

Nikamjibu lile la barazani, kwamba ni adabu tu, asilitie maanani.

Akafikiri kidogo. Akatikisa kichwa. "Basi nasema kwaheri tu. Kitabu chako nimekiweka juu ya begi. Euro sita za mchele, hizi hapa. Na ile siku niliyokufokea kwa sababu ya sufuria, unisamehe. Nimefurahi kwamba ulikuwa hapa."

Akanipa mkono, akaenda kulala. Asubuhi nikapanda treni ya Nürnberg.

Ndani ya treni ile ndipo nilipotambua nilichofanyiwa, na nikashangaa kwamba kina jina, tena jina la kwetu. Lugha yetu ina maneno matatu ya kuagana, wala si mawili. Kuna "kwaheri," yaani nenda na heri, usalama uwe nawe. Lugha nyingi zina neno la namna hiyo: "adiós" ya Wahispania inamkabidhi mtu kwa Mungu, na "goodbye" ya Waingereza ilianza kama dua ya Mungu awe nawe. Kuna "kwaheri ya kuonana," ambayo ni ndugu wa "au revoir" ya Wafaransa na "auf Wiedersehen" ya Wajerumani. Hii inatazamia siku ya kukutana tena. Na kuna "buriani." Siku hizi tunaliona neno hili zaidi katika magazeti, juu ya picha ya marehemu, hata vijana wengine wanadhani maana yake ni mazishi. La hasha. Kutakana buriani ni kuombana radhi wakati wa kuachana: kama nimekukosea nisamehe, kama ninacho chako chukua, kama tuna neno tulimalize hapa hapa. Mpaka leo, anayekwenda Makka kuhiji hupita kwa jamaa na majirani kuomba radhi, na hulipa madeni yake kabla ya kuondoka. Hafanyi hivyo kwa kuwa amekata tamaa ya kurudi. Anafanya hivyo kwa kuwa hajui.

Na tazama kitenzi chenyewe. Anayeondoka peke yake "anaaga." Wawili "wanaagana." Kuagana, kwa wazee wetu, ni pia kupatana na kuwekeana neno, na humo humo mna "agano." Lugha ilijua tangu zamani kwamba hakuna kuachana kusikokuwa na mapatano ndani yake. Shida yetu ni kwamba tumeyaweka mapatano hayo yote katika siku zijazo, tukaiacha siku yenyewe ya kuagana ikiwa tupu. Tunaahidi makubwa ya mwakani na hatulipi madogo ya leo.

Madogo yepi? Mgeni anaondoka hajui kwamba mdogo wangu alilala sebuleni miezi minne ili yeye apate chumba. Anaondoka hajarudisha kanga ya jirani. Anaondoka na neno moja baya lililosemwa siku ya umeme kukatika, ambalo kila mtu alijifanya hakulisikia. Na sisi vile vile: hatumwambii kwamba tulikuwa tukimcheka alipokuwa haelewi, wala kwamba ile hela aliyokuwa akitafuta tuliipata nyuma ya friji. Yote hayo yanafunikwa na "nitarudi" na "karibu tena." Kurudi kunageuka kuwa kisingizio cha kutomaliza. Tutazungumza ukirudi. Utamrudishia ukirudi.

Najua kuna watakaonipinga. Watasema, siku hizi kuna WhatsApp, nani anayeagana? Mtu yuko Bayreuth na bado anaona picha ya pilau yenu ya Idi kabla haijapoa. Ni kweli, na ni neema. Lakini nimeitazama simu hiyo kwa miaka. Mwanzo ujumbe unakuja kila siku, kisha kila Ijumaa, kisha siku za sikukuu, kisha kidole gumba tu chini ya picha. Hakuna siku hata moja ambayo mtu alisema, "Sasa tumeachana." Zamani bahari ilituachanisha kwa saa moja pale bandarini, tukalia, yakaisha. Siku hizi tunaachanishwa kidogo kidogo kwa miaka mitatu, na hakuna anayepata ruhusa ya kulia.

Wengine watasema kwamba kumnyima mzee "nitarudi" ni ukatili. Mzee mwenyewe anaitaka! Hili ni zito zaidi, nami sina budi kulikubali nusu. Kweli tunaitaka. Tunaikamua. Mgeni anavaa viatu na sisi tumemzunguka: utarudi lini? utarudi na mchumba? usitusahau! Kijana wa miaka ishirini, analia, atasema nini? Atasema lolote. Kwa hiyo lawama si ya mgeni peke yake. Mwenyeji anayemkamua mgeni ahadi mlangoni anajikopesha furaha ya siku moja, na riba yake wataibeba wengine ndani ya nyumba.

Nusu ninayoikataa ni hii: kwamba tiba ya mzee ni ahadi. Bibi hakuhitaji kuambiwa "mwakani." Kama yule mtoto angemwambia, "Bibi, sijui kama nitakuona tena. Umenifundisha kusonga ugali na kunyamaza wakati wa kunyamaza. Nilichokukosea nisamehe," bibi angelia, ndiyo. Angelia siku ile. Kisha angeutandika ule mkeka akaukalia mwenyewe.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali nililoanza nalo ni kwamba "nitarudi" si uongo, ila mara nyingi ni deni linaloachwa kwa asiye na namna ya kulidai. Na dawa yake si kunyamaza wala kujifanya wagumu. Tuagane kama watu wasiojua kama wataonana, kwa sababu kweli hatujui. Mwenye njia aseme "nikijaaliwa," na aiseme kwa maana yake, si kama pambo. Anayebaki asidai tarehe. Mtoto mdogo asiahidiwe kitu kabisa, maana mtoto hahesabu miaka kama sisi. Yaliyokopwa yarudi, yaliyokoswa yasamehewe, na shukrani itajwe kwa kitu chake hasa, si "asante kwa yote." Hayo yakishafanyika, kuonana tena kukitokea kutakuwa zawadi, na kusipotokea hakuna aliyebaki na daftari wazi.

Nyumbani kwetu sasa hivi yupo mmoja. Muhula wake umebakisha wiki mbili, na jana nilimsikia akimuuliza mama maana ya buriani, ameliona gazetini. Mama alimwambia ni neno la misiba, asilitumie. Sikuingilia, mama ni mama. Lakini nimeshamwandalia mgeni wetu maelezo mengine, na nadhani mama pia atayasikiliza.

Asiyekubaliana nami na aandike. Kurasa hizi ni zetu sote.